Jembe Lililopelekwa Giheta

Mume wangu akikasirika anakuwa na adabu. Wanaume wengine hupiga kelele, wengine hususa chakula, yeye husema "asante" na "samahani" na "nikupokee ndoo?" mpaka unatamani akutukane, yaishe. Mimi ni kinyume chake. Nikikasirika ninasema, nikifurahi ninasema, na nikikosa la kusema ninaimba. Tulioana tukijua hivyo. Kule Tanzania, upande wa Kigoma, katika makazi ya wakimbizi tulikokulia wote wawili, halikuwa tatizo kubwa, maana watu wa kusema nao walikuwa tele. Tatizo lilianza tuliporudi Burundi tukajikuta wawili tu, na mtoto anayenyonya, juu ya shamba jipya la Giteranyi ambako jirani wa karibu ilibidi umwite kwa mikono miwili mdomoni.

Nasema tuliporudi, lakini mimi nilizaliwa huko huko Tanzania, na yeye alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake. Tulichokuwa tunakirudia ni masimulizi ya baba zetu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alisifia Giheta, kwao, karibu na Gitega, kwa maji yake na hewa yake na vilima vyake vya kijani. Baba mkwe wangu alisifia Giteranyi, kaskazini kabisa mwa Muyinga, akasema kule ardhi ni pana mpaka ng'ombe wanapotea. Amani ilipokuja na watu wakaanza kufungasha virago, wazee wote wawili walikuwa wameshazikwa Tanzania. Mama yangu akarudi Giheta kwa ukoo wa baba. Sisi tukaenda kuutafuta huo upana wa Giteranyi.

Upana tuliukuta una mwenyewe. Binamu wa mume wangu, mtoto wa baba yake mdogo, alikuwa amebaki nchini miaka yote ile na kulilima shamba zima kama lake, jambo ambalo hata mimi ningelifanya. Abashingantahe, wazee wa kilima wanaoamua mashauri, wakaketi, wakasikiliza, wakalikata shamba katikati. Binamu akabaki na upande wenye nyumba na migomba. Sisi tukapewa upande wa vichaka na miiba. Tangu siku ile hakutusalimia tena. Mkikutana njiani aliinama kuangalia gurudumu la baiskeli yake kana kwamba lina pancha. Na huyo ndiye ndugu pekee ambaye mume wangu alikuwa naye upande huu wa mpaka.

Basi tukafyeka. Miezi ile naikumbuka kwa raha, ingawa mikono ilikuwa imechanika yote. Tulijenga nyumba ya matofali ya udongo tukaiezeka kwa mabati. Tulilima kama tulivyozoea Tanzania: yeye anaanzia juu, mimi ninaanzia chini, tunakimbizana hadi tukutane katikati, na anayechelewa ndiye anayekwenda kuchota maji. Mtoto tulimlaza juu ya kitenge chini ya kichaka kimoja tulichokiacha kwa ajili yake. Mume wangu alikuwa mwizi wa mchezo. Aliruka sehemu ngumu, akafunika kwa udongo laini, akafika katikati akitabasamu. Nilimpenda sana wakati ule, na nilimwambia hivyo kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kutusikia.

Halafu akaanza kutaka kuwa mtu wa kilima. Simlaumu, mtu akishatangatanga anataka mahali pamzoee. Jioni alikwenda kukaa na wanaume wa pale, akarudi na mafundisho mapya. Kule Tanzania shamba lilikuwa shamba. Hapa akaambiwa kwamba maharage ni ya mwanamke na migomba ni ya mwanamume. Mwanamume asiye na migomba hana urwarwa, yaani pombe ya ndizi, na asiye na urwarwa hana cha kumtengea mgeni, na asiye na cha kumtengea mgeni watu hawamjui. Aliyapokea hayo kama mtoto wa kipaimara.

Asubuhi moja, mvua za mwezi wa pili zimeshanyesha na maharage yangu yana majani mawili mawili, nilikuta mashimo makubwa katikati ya shamba, mume wangu anashuka na machipukizi ya migomba begani. Nilimwuliza kama ana akili timamu. Akaniambia samahani, udongo wa pale juu ni wa mawe, migomba ingeteseka. Nilimpa vidonge vyake, vikali, na nikavirudia kwa Kirundi ili asije akasema hakuelewa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante kwa kunieleza," akaendelea kuchimba.

Akipanda, nikang'oa. Nikishang'oa, akapanda upya, bila neno, kwa upole mkubwa. Hiyo ndiyo ikawa ndoa yetu msimu ule. Hatukukimbizana tena shambani. Kila mtu alikuwa na upande wake na njia yake. Jioni alikula, akasema asante kwa chakula, akanawa, akaniomba radhi kama amenigusa akipita. Nilikuwa mpweke kuliko nilivyowahi kuwa maishani, na mtu yuko mbele yangu anatafuna.

Siku moja nikamfunga mtoto mgongoni, nikamwambia ninakwenda kwa mama. Akaniuliza kama ningependa anibebee mfuko hadi barabarani. Akaubeba. Akasimamisha pikipiki, akapatana na dereva bei kwa ajili yangu, akamfunika mtoto miguu. Nilipanda nimenuna kiasi kwamba sikumbuki nilifikaje Muyinga mjini, wala basi lililonipitisha Karuzi hadi Gitega lilikuwa la rangi gani.

Giheta ilikuwa kama baba alivyosema, isipokuwa alisahau kusema jinsi mashamba yalivyo madogo. Kila ukoo una kipande chake ubavuni mwa kilima, na nyumba zenye vigae vyekundu zimesogeleana. Mama alimpokea mjukuu kwanza, mimi baadaye. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba. Hakuwahi kukimbia nchi. Ujanani alibeba mizigo katika soko la Bujumbura, akarudi na Kiswahili cha kule, na alijivunia kutusemesha nacho sisi "Watanzania", hata pale ambapo Kirundi kingetosha.

Mke akirudi kwao kwa hasira, mambo yana utaratibu wake, na mama alikuwa amenisimulia tangu nikiwa mdogo. Mume hutuma watu. Huwa ni wanaume wenye umri na ulimi, na hufika na pombe. Huanza mbali, kwenye mvua na ng'ombe na afya za watoto, na baada ya kuzunguka sana ndipo huuliza kama labda kuna mtu wao aliyepotea njia akaingia humu. Mume mwenyewe hukaa pembeni kafunga mdomo. Wanaomsemea hukubali lawama zote, mke huulizwa ndani kupitia shangazi, masharti hutolewa, pombe hunywewa, na mke hurudi kwake kwa heshima. Mimi nilishapanga sharti langu, nalo lilikuwa moja: migomba itoke kwenye maharage. Mama aliosha vikombe vyote, akavifunika kwa kitambaa, tukangoja.

Alikuja peke yake.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa jikoni na mama, kwenye kibanda cha pembeni mwa ua, nikamwona kupitia ufa wa ukuta. Shati limefungwa vifungo hadi shingoni, viatu amevifuta kwa majani, gunia begani. Moyo ulinilipuka kwa furaha, na papo hapo nikaudhika kwamba nimefurahi. Alimsalimia baba mkubwa kwa mikono miwili, akakaa alipoonyeshwa. Kisha akafungua gunia akatoa jembe langu.

"Nimemletea jembe lake," akasema.

Mama aliachia mfuniko wa chungu. Inabidi nieleze. Katika ukoo wetu mwanamke huingia kwenye ndoa na jembe lake. Mwanamume aliyemalizana na mkewe hana haja ya kusema lolote: hulichukua lile jembe akalirudisha kwao. Huo ndio mwisho, hakuna kikao baada ya hapo. Mama alinisimulia hilo kule Tanzania kama watu wanavyosimulia mambo ya kale, na wala sikufikiri kwamba kuna siku ningeliona kwa macho yangu likifanywa juu yangu, na mtu aliyevaa shati nililomfulia mimi.

Baba mkubwa alilipokea bila kulitazama, akaliegemeza ukutani. Kisha akatumia kile Kiswahili chake cha Bujumbura, ili mkwe asipotewe na neno hata moja.

"Sawa, kijana. Mi nimeona. Jembe iko hapa, mutoto yetu iko hapa, mambo imeisha. We rudi kwako."

Mume wangu aliuliza kama anaweza kunisalimia mimi na mtoto. Baba mkubwa akamjibu, "Utamusalimia ya nini tena?" Mume wangu akalikunja lile gunia tupu. Halafu akainuka. Alishukuru kwa kiti, akashukuru kwa maji ya kunywa, akaomba radhi kwa usumbufu, akashika njia. Nilimwangalia mgongo hadi akakata kona. Nilitaka kumkimbilia nimng'ate. Nilitaka pia ageuke, lakini hakugeuka. Mama alikuwa analia juu ya moto. Mimi machozi yaligoma.

Siku zilizofuata baba mkubwa alinitendea wema mwingi. Aliniambia mimi bado kijana, akanionyesha kipande cha shamba karibu na kijito, akasema kitatutosha mimi na binti yangu. Alisema kweli, na ningeweza kuishi pale. Nilishuka Gitega na mama kuuza parachichi sokoni, nikanunua chumvi katika duka la familia moja ya Kiislamu ambayo babu zao walitoka India. Bibi mwenye duka alikuwa na Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote. Akaniuliza kwa adabu, kama watu wanavyoulizana, "Bwana hajambo?"

"Hajambo," nikasema, "kwa bahati mbaya."

Alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, halafu kicheko kikageuka, nikajikuta nalia katikati ya magunia ya mchele kama mtoto aliyepotea sokoni. Alinipa kiti na chai ya tangawizi, akaendelea kuwahudumia wateja, asiulize tena.

Lile jembe nilikataa kuligusa. Nilipalilia na la mama, zito, lenye mpini mrefu kama wanavyopenda watu wa huko, na kila jioni kiuno kiliniuma na viganja vilitoka malengelenge. Mwishowe maumivu yakashinda kiburi, nikalichukua langu pale ukutani. Nilipolishika tu nikajua kuna kitu. Mpini wa zamani ulikuwa na ufa karibu na shingo, unanifinya kiganja, na nilikuwa nikiulalamikia tangu Tanzania. Huu ulikuwa mpya. Ulikuwa umekatwa kwa kimo changu, umekwanguliwa kwa kipande cha chupa ukawa laini kama mwiko, na pale ninaposhikia kwa mkono wa kushoto umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Bapa lilikuwa limenolewa hadi linang'aa.

Nilisimama katikati ya shamba la mama nikashikwa na hasira ambayo sijui hata niielezeje. Mtu anakufukuza, halafu anakuchongea mpini? Na ubaya ni kwamba kwa adabu alizonazo mume wangu, hilo liliwezekana kabisa. Angeweza kuniacha na bado akahakikisha siumii mgongo. Nililima mstari mzima nikibishana naye kana kwamba yupo, na nilipofika mwisho nilijua siwezi kukaa na swali lile maisha yangu yote. Nilikuwa nampenda. Kama hanitaki, aniambie kwa mdomo wake, kwa sauti, bila asante.

Nilipomweleza baba mkubwa kwamba ninarudi Giteranyi, hakunifokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alizima kiko chake, akaacha Kiswahili pembeni, akanisemesha Kirundi polepole. Mwanamke hurudi amefuatwa, akasema. Akirudi kwa miguu yake, amewaambia watu wote kwamba kwao hakuna mtu. Siku mume huyu akinitesa tena nisije kulia pale, kwa sababu hakuna atakayesimama kunisemea. Nitapokewa kama mgeni, nitapewa maji, na jioni nitaulizwa ninaondoka saa ngapi. Nilimwelewa. Alikuwa ananiambia kwamba nikitoka, Giheta ya baba yangu haitakuwa kwangu tena. Mama alitazama chini. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikalitwaa jembe, nikaenda.

Pale Muyinga dereva wa pikipiki alilitazama jembe begani kwangu akanitania habari ya tiketi, "Madamu, na hiyo nayo iko na bilet yake?" Siku nyingine ningemjibu. Siku ile nilikaa kimya njia nzima, akadhani ninaumwa, akaendesha taratibu.

Nilimkuta kwenye maharage. Yalikuwa yametoa maua. Alikuwa ameinama anapalilia, kazi ambayo wanaume wa kilima wangemcheka, na mistari yote ilikuwa safi, hata ile ya mwisho kule bondeni. Migomba ilikuwa pale pale. Iko pale pale hadi leo, na hoja zangu juu yake bado ninazo. Aliponiona alinyooka, akatazama mtoto, akatazama jembe.

"Ulilipeleka jembe kunirudisha kwetu?" nikamwuliza kabla ya salamu.

"Kukurudisha wapi?"

Nikamweleza. Nilipofika mahali pa mwanamume na jembe na mwisho wa ndoa, uso wake ulibadilika, akakaa chini palepale kati ya mistari. Hakujua. Nani angemwambia? Mama yake alifariki yeye bado hajaota meno ya pili, na shangazi aliyemlea kambini alimfundisha kusali, kulima na kushukuru. Alijua tu kwamba kupalilia kumefika, na kwamba tangu Tanzania nilikuwa nikilalamikia jembe la mama yangu kila nikitoka kumtembelea. Akachonga mpini. Akafikiri akifika atatoa jembe kwanza, apate pa kuanzia.

"Nilikuwa naanzia hapo," akasema. "Ningefika kwenye kukuomba urudi. Baba mkubwa akanikatisha."

Nilimfokea hata hivyo. Nilikuwa nimetembea na hasira ile kutoka Gitega hadi Giteranyi na sikuwa tayari kurudi nayo. Nilimwambia hata kama hakujua habari ya jembe, kila mtu anajua kwamba huwezi kwenda ukweni peke yako kumfuata mke, kama anayekwenda kununua kiberiti. Watu wa kukusemea wako wapi? Kwa nini hakuleta watu?

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama anataka nimsaidie jibu.

"Ningemleta nani?"

Kisha akanisimulia. Alikwenda kwa binamu, akasimama kwenye ua, na sauti ya binamu mwenyewe ikamjibu kutoka ndani kwamba binamu hayupo. Aliwaogopa abashingantahe, wasije wakasema hawa Watanzania wameleta shauri jingine. Wale anaokaa nao jioni walikuwa wema, lakini hakuna hata mmoja aliyemjua baba yake, na mtu atakusemeaje asipojua wewe ni mtoto wa nani? Alizunguka kilima kizima kichwani mwake, akasema, mlango kwa mlango. Alipomaliza akaenda kutafuta mti wa kuchonga mpini.

Nilikuwa namjua tangu tukiimba kwaya moja, na sikuwahi kufikiria kwamba katika nchi nzima tuliyoililia miaka yote ile, mume wangu hakuwa na mtu hata mmoja wa kusimama naye mlangoni kwa watu. Mimi nilikuwa na mama, na baba mkubwa, na mashangazi. Nikamwambia kwamba sasa nami sina, nikamweleza maneno niliyoambiwa Giheta. Alifumba macho. Nilimfungua mtoto mgongoni nikamweka mapajani mwake, nikakaa karibu naye, udongo wenyewe una unyevu.

"Ungeniita mimi," nikamwambia. "Nilikuwa pale jikoni, nasikia kila kitu. Ningetoka nikakusemea."